Msanifu na Mfaransa Wake

Katika jengo letu la Dixon Road, huku Toronto, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Msanifu. Ukimwita Mzee aliitika kwa mguno. Ukimwita Msanifu aligeuka mwili mzima. Tuliishi mlango kwa mlango kuanzia mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili mpaka nilipohama, na katika muda huo wote sikumbuki hata mara moja aliyoniuliza habari za nyumbani akangoja jibu. Nitamsimulia kama nilivyomjua. Sitajifanya kwamba nilimpenda.

Siku tulipohamia, mkewe alimtuma atuletee visheti. Aliingia, akasimama katikati ya sebule na bakuli mkononi, akayakodolea macho mapazia niliyokuwa nimetoka kuyatundika. Yalikuwa mapazia mazito ya maua makubwa, nimeyabeba toka Tanga ndani ya sanduku.

"Haya ni ya nini?" akauliza.

"Ni mapazia, Mzee."

"Naona ni mapazia. Nauliza ni ya nini. Unamficha nani?"

Nilidhani ananitania, nikacheka. Yeye hakucheka. Akaanza kunieleza kwamba palikuwa na Mfaransa mmoja, msanifu majengo, ambaye baada ya vita kuu ya kwanza aliwaambia watu wa Paris kwamba pazia ni woga, na nyumba yenye woga huzaa watoto wagonjwa. Alieleza mpaka chai niliyomwekea ikapoa. Alipomaliza akaaga, akaondoka na visheti vyetu.

Maisha ya Mfaransa huyo tuliyajua kuliko ya babu zetu, maana Msanifu aliyasimulia harusini, msibani, na ndani ya lifti. Jina la mtu wake alilitamka kwa pua, kwa namna ambayo hakuna kati yetu aliyeweza kulirudia, basi tukabaki na Mfaransa. Kisa chenyewe kilianza na dada. Dada wa Mfaransa alikufa kwa kifua kikuu katika nyumba ya kupanga yenye ngazi za giza na mapazia ya mahameli. Kisha vita vikamchukua Mfaransa mwenyewe, vikamrudisha na mapafu yaliyoharibiwa na gesi. Akaapa kwamba hatamjengea tena mtu yeyote giza. Akaacha mawe, akashika zege na kioo. Alijenga hospitali ya kifua kikuu mlimani, wagonjwa wakalazwa mchana kutwa kwenye roshani wakiota jua. Alijenga shule ambayo kuta zake zilikunjwa pembeni, watoto wakasoma kama wako uwanjani. Na nje kidogo ya Paris akawajengea wafanyakazi wa reli nyumba nyeupe za paa bapa, kila familia na roshani yake.

Hapo ndipo sauti ya Msanifu ilipopanda. Kwani wake wa wafanyakazi wa reli walizifanya nini roshani zile? Waliziziba kwa mbao, wakafuga sungura.

"Sungura!" alifoka, akitutazama kama vile sisi ndio tuliokuwa tukiwakatia majani. "Mtu kakupa jua, wewe unafuga sungura!"

Mfaransa alikwenda kila Jumapili kuwabembeleza wabomoe vibanda. Walimpa kahawa, wakamsikiliza, na akishageuza mgongo wakaongeza sungura. Baadaye kazi zikakauka, vita vya pili vikaanza kunukia, na yule aliyejenga shule ya jua akaishia kuchora mabweni ya askari. Msanifu alipokwenda kusoma Ulaya alifundishwa na mzee mmoja ambaye ujanani alikuwa mchora ramani katika ofisi ya Mfaransa; kwa sababu hiyo alijihesabu kuwa mjukuu wa nyumba.

Mimi katika kisa hiki nilikuwa upande wa sungura tangu mwanzo. Mke wa mfanyakazi wa reli ana watoto wa kulisha, na jua haliliwi. Hata hivyo Mfaransa nilimwonea huruma. Alikuwa na dada aliyekufa gizani. Msanifu wetu alikuwa na nini? Alikulia Dar es Salaam, ambako jua linakufuata mpaka uvunguni. Alichukua uchungu wa mtu mwingine akauvaa kama koti la kuazima, akatembea nalo kitongoji chetu chote cha Etobicoke akiwalaumu watu.

Mtu anayesema hivyo utadhani amejenga nusu ya Toronto. Kazi yake, hadi alipostaafu, ilikuwa kuchora maegesho ya magari. Aliajiriwa katika ofisi moja mjini, wenzake wakichora ghorofa za watu kulala, yeye akachora ghorofa za magari kulala. Nilimuuliza siku moja kama hilo halimsumbui. Akanijibu bila haya: "Gari ndiye mkazi pekee asiyelalamika. Halileti zulia, halileti bibi yake."

Hilo la bibi lilimponyoka, lakini nililishika. Alikuwa akipenda watu kwa jumla, wakiwa wengi na wakiwa mbali. Mtu mmoja mmoja, mwenye goti bovu na mtoto mgonjwa, alimwona kama doa kwenye ramani. Angeweza kuzungumza saa nzima juu ya haki ya mfanyakazi kupata hewa safi, halafu akampita mfagiaji wa jengo letu asimjibu salamu.

Mkewe tulimwita Mama Zuhura, kwa jina la binti yao wa pekee. Alikuwa mwanamke mfupi, mfupi hasa, mwenye sauti ya chini na mikono isiyotulia. Msanifu alikuwa amemtengenezea makabati ya jikoni yeye mwenyewe, kwa vipimo vya Mfaransa, ambaye inasemekana alipima miili ya watu ili ajue mkono wa binadamu unafika wapi. Binadamu aliyepimwa alikuwa mwanamume wa Kifaransa. Mama Zuhura alikuwa akishusha kopo la chumvi kwa mpini wa ufagio. Nimemwona kwa macho yangu akilisukuma mpaka ukingoni, akilidaka kwa mkono mwingine, na mumewe amekaa hatua chache tu kutoka pale akinieleza kwamba jiko jema humwokoa mwanamke na utumwa.

"Kwa nini usimwambie ayashushe?" nilimuuliza Mama Zuhura faraghani.

"Nilimwambia," akasema. "Akaniambia vipimo ni sahihi."

Kwa haki, niseme na mazuri yake, yasije yakaniganda kooni. Hakuwa mwongo. Hakuwa mvivu. Lifti zetu zilipoharibika, na ziliharibika mara kwa mara, alikuwa akiwabebea wazee mifuko yao ngazi kwa ngazi. Kila kituo cha kupumzikia alikitumia kueleza jinsi ngazi zile zilivyokosewa, kwa hiyo ajuza mmoja wa Kisomali alizoea kusema ni heri abebe viazi vyake mwenyewe. Lakini alibeba. Na alijua kuchora. Mstari alioupiga kwa mkono mtupu ulinyooka kuliko wa rula, na alipokuwa akiupiga uso wake ulilainika, ukaona kwamba huenda palikuwa na kijana mzuri humo ndani kabla hajakutana na yule mwalimu.

Binti yake Zuhura alisoma, akaolewa, akanunua na mumewe nyumba Markham, nje ya jiji. Ilikuwa nyumba kama za wenzake mtaani: paa la mgongo, matofali, gereji mbele, na nguzo mbili nyeupe mlangoni. Sote tulialikwa kuizindua. Tulifika kwa magari, tukabeba masufuria na zawadi. Msanifu alishuka garini, akasimama njiani, akakunja mikono.

"Nguzo hizi zimebeba nini?" akamuuliza binti yake.

Zuhura, ambaye kama watoto wengi waliokulia huku alisikia Kiswahili chote lakini alijibu kwa Kiingereza, siku ile alijitahidi. "Hazijabeba kitu, Baba. Ni urembo tu. Karibu ndani."

"Kitu kisichobeba kitu ni uongo. Sipiti katikati ya uongo."

Tulidhani ni maneno. Yalikuwa maneno, lakini aliyatimiza. Pilau yake alipelekewa nje, akala amesimama kando ya gari kwenye baridi ya Novemba, shingo imeingia kwenye kola, majirani wa Kichina wakimchungulia madirishani. Zuhura alikuwa akitoka na kuingia. "Baba, please," alisema mlangoni, na machozi yamemlengalenga. Mama Zuhura alikuwa ndani akisifia kila kitu, akigusa kuta, akifungua na kufunga makabati ya chini ambayo mkono wake uliyafikia. Hakutoka nje hata mara moja. Niliona hilo, nikalifurahia kwa siri.

Sasa nifike kwenye ukumbi.

Chama chetu cha kufa na kuzikana kilikuwa kikikutana popote penye nafasi, na mtu akifiwa tulijazana katika nyumba ya vyumba viwili mpaka wengine wakakaa kwenye korido. Ndipo tukapata duka la zamani la mazulia, kando ya barabara kubwa, si mbali na uwanja wa ndege. Lilihitaji kubadilishwa liwe ukumbi. Nani achore? Mwenyekiti, mtu mpole asiyeweza kumnyima mzee heshima, alisema tunaye msanifu wetu wenyewe, tutafute wapi tena?

Kina mama tulipeleka maombi yetu. Tulitaka chumba cha wanawake chenye mlango, jiko la pembeni lisilojaza moshi ukumbini, na mahali pakavu pa kutandika majamvi. Alitusikiliza huku amefumba macho. Miezi ilipita, mhandisi mwenye leseni akatia sahihi, mafundi wakaingia. Siku ya kufungua tulikuta chumba kimoja kikubwa, hakina ukuta hata mmoja ndani, na upande wote unaotazama barabara ni kioo kitupu kutoka sakafuni hadi darini.

"Chumba cha wanawake kiko wapi?" nikamuuliza.

"Kila mahali," akanijibu, na nadhani lile lilikuwa jibu alilolitayarisha kwa muda mrefu.

Harusi zilipendeza mle, sikatai. Mbele ya kioo kile bibi harusi aliwaka. Lakini harusi ni siku moja ya furaha, na chama chetu hakikuitwa cha harusi.

Majira ya baridi ya mwaka uliofuata, Mama Hamadi, jirani yetu wa jengo lilelile, alifiwa na mwanawe wa kwanza. Kijana aligongwa na lori akitoka kazini. Tulizika, tukaenda ukumbini kukaa na mfiwa. Wanaume walijikusanya upande mmoja, sisi tukatandika majamvi upande wa pili. Na hapo tukaelewa tumejengewa nini. Barabarani palikuwa na foleni, na kila gari lililosimama, watu ndani yake waligeuza shingo wakatutazama. Mama Hamadi alikuwa ameketi chini, ushungi umemtoka, analia mdomo wazi kama mtoto, na nje ya kioo mtu mmoja garini alikuwa akila mkate akimwangalia. Tulimzunguka kumkinga. Jua la baridi lilikuwa limelala chini, linaingia moja kwa moja machoni, na hakuna pembe ya kukimbilia kwa sababu pembe zote zilikuwa zimefutwa kwenye ramani.

Nilivua kanga niliyojitanda juu ya koti, nikapanda kiti, nikaibana kwenye fremu ya kioo. Mwingine akafuata. Muda si mrefu kioo kilikuwa kimeota kanga, za maua, za korosho, mpya na kuukuu, na chini yake pakawa na kivuli. Wanawake wakashusha mitandio, wakapumua. Mama Hamadi alilaza kichwa mapajani mwa dada yake.

Msanifu alitokea upande wa wanaume. Alikuja mpaka katikati ya majamvi na viatu vyake.

"Nani kafanya hivi?"

Tukazidi kumzunguka Mama Hamadi.

"Mnaua nuru!" akasema. "Jengo zima limefikiriwa kwa ajili ya nuru hii. Toeni!"

"Mzee," nikamwambia, "kuna mfiwa hapa."

"Mfiwa ndiye anayehitaji nuru kuliko wote."

Mama Hamadi akainua kichwa. Tangu makaburini alikuwa hajasema neno. "Baba," akasema, na sauti yake ilikuwa imekwaruzika, "inaniumiza macho. Nimelia sana."

Nimewahi kujiuliza kama alimsikia. Masikio yake hayakuwa na kasoro. Alimtazama pale chini, akasema, kwa upole kabisa, kama daktari: "Utazoea, mwanangu."

Kisha akanyoosha mkono akaivuta kanga ya kwanza. Jua likaingia kama kofi, likamwangukia mama wa watu usoni.

Mama Zuhura alikuwa amekaa karibu na ukuta. Aliinuka taratibu kwa sababu ya magoti yake, akavua kanga yake begani, akaenda kwenye kiti. Mkono haukufika kwenye fremu. Akajinyoosha kwa vidole, bado hakufika, na sisi sote tukimtazama. Ndipo akamgeukia mumewe, akamnyooshea ile kanga.

"Wewe ndiye mrefu," akamwambia. "Tundika."

Hakuinua sauti. Msanifu alisimama ameshika kanga mbili, ile aliyoivuta na hii aliyopewa, na sijawahi kuona mwanamume aliyejaa mikono hivyo na asijue la kufanya. Hakutundika. Aliziacha zote mbili juu ya kiti, akachukua koti lake, akatoka. Tukamwona kupitia kioo chake mwenyewe akitembea kando ya barabara kwenye theluji, katika ile nafasi moja aliyoifungua, kisha nikaitundika kanga ya mkewe pale palipobaki wazi, asionekane tena.

Hakukanyaga ukumbini baada ya hapo. Mwenyekiti alipoziba nusu ya kioo kwa mbao na kujenga ukuta wa chumba cha wanawake, tulidhani Msanifu ataugua kwa hasira. Lo! Alinawiri. Alipata alichokuwa akikitafuta maisha yake yote: alisalitiwa, kama Mfaransa. Kisa kikaongezewa sura. Sasa alipofika kwenye wake wa wafanyakazi wa reli na sungura wao, alitutupia jicho mimi na wenzangu, akasema, "Na mimi nimewaona wangu."

Kuomba radhi kwa Mama Hamadi hakukumpitia akilini. Miaka ilipita wakikutana kwenye lifti, yeye akimsalimu kwa uchangamfu, mama yule akitazama namba za ghorofa mpaka mlango ufunguke.

Nilihama pale mwanangu alipopata kazi na kutaka tukae pamoja, upande mwingine wa Etobicoke. Mama Zuhura alifariki nikiwa Tanga kumuuguza kaka yangu. Habari ilinifikia kwa simu, nikalia peke yangu barazani kwa kaka. Niliporudi Toronto nilikwenda Markham kumpa Zuhura pole, tukalia tena. Baba yake hakuwepo. Alikuwa amekataa kuhamia kwao, akaendelea kuishi peke yake kwenye lile jengo.

Nilikutana naye masika yaliyofuata, kwenye duka moja la kahawa na donati karibu na famasia. Alikuwa amekonda, suruali imefungwa mkanda mpaka kifuani, na mbele yake kigari cha kutembelea. Nilimpa pole. Akaipokea kwa kichwa, akanionyesha kiti. Nilitaka kusema nina haraka, lakini alikuwa amekwishaanza kutandaza karatasi mezani, karatasi ile ya kahawia wanayotandika kwenye trei, na kutoa penseli mfukoni. Nikajiandaa kumsikia Mfaransa.

"Nachora nyumba," akasema. "Yake. Mama Zuhura. Sitaijenga, najua. Nataka tu kuichora." Penseli ilikuwa juu ya karatasi, haigusi. "Kila siku naanza. Siwezi kuanza. Nyumba huanzia pale mtu anapopenda kukaa, ndivyo nilivyofundishwa. Unamweka mtu kwanza, halafu kuta zinamzunguka." Akaniinulia macho. "Wewe ulikuwa jirani yake. Alikuwa anapenda kukaa wapi?"

Nilimtazama nione kama anatania. Mtu ameishi na mwanamke tangu ujana, amechora na kuhubiri jinsi binadamu wanavyopaswa kukaa, na sasa anauliza jirani. Sikumhurumia. Ningesema nilimhurumia ningekuwa nadanganya. Lakini swali lilikuwa la kweli, na nilikuwa na jibu lake.

"Jikoni kwangu," nikamwambia.

"Kwako?"

"Kila alasiri, ukilala. Alikuja na kazi yake ya kushona, akakaa kwenye kigoda kati ya jiko na friji, mgongo ukutani. Nikipika tukaongea, nisipopika tukanyamaza. Aliniambia hapo ndipo anapopumzika. Miaka yote, Mzee."

Aliitazama karatasi. Kisha nikaona ule uso wa zamani ukimjia, ukilainika. Penseli ikashuka, akapiga mstari mmoja, umenyooka vilevile, halafu wa pili. Akachora kigoda kidogo. Akachora friji.

"Vizuri," akasema bila kuniangalia. "Na dirisha? Liko upande gani?"

"Jiko langu halikuwa na dirisha, Mzee," nikamwambia.

Penseli ikasimama. Nikamalizia kahawa yangu, nikavaa koti, nikamwacha pale ameikodolea macho ile karatasi.